Baba Yangu na Kitufe cha Enta

Baba yangu hubonyeza enta kama anaua siafu. Mstari ukikaribia ukingo wa kioo anainua kidole, anakishusha, na meza nzima inajua kwamba mstari umekwisha. Nimemweleza mara nyingi kuwa kompyuta hushuka mstari yenyewe, na kwamba enta ni ya kufungia aya tu. Hunisikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote, halafu huniambia kuwa yeye amepiga taipu serikalini tangu kabla sijazaliwa na bado hajakutana na mashine inayojua pa kukomea bila kuambiwa. Husema hivyo akiwa na kikoi na fulana, miguu juu ya stuli, kibarazani kwetu hapa Garsen, lakini sauti ni ya ofisini kabisa.

Na ananiita mama. Nilipewa jina la mamake, kwa hiyo kwa desturi yetu mimi ni mama yake, naye haoni haya hata kidogo kulitumia hilo. Akitaka chai ni "mama, mwanao ana kiu." Akishindwa hoja ni "mama, unamgombeza mwanao mbele za watu." Ukigombana na mtu wa namna hiyo umeshindwa kabla hujafungua mdomo.

Mimi kazi yangu, kwa bahati mbaya yake au yangu, ni nyaraka. Shangazi, dada yake Baba, ambaye tunaishi naye, huwaambia majirani kwamba nafanya kazi maktaba, na wakimuuliza maktaba yenyewe iko wapi huwaambia imo ndani ya kompyuta, vitabu bado viko njiani. Nimechoka kumsahihisha. Ukweli ni kwamba mwandishi wa programu haanzi kila kitu chini kabisa. Huchukua vipande ambavyo wengine wameshaviandika na kuvijaribu, akaviunganisha na vyake. Mkusanyo wa vipande hivyo ndio tunauita laibrari, na hii ninayoshughulika nayo ina kazi moja tu: kuutoa waraka katika umbo moja na kuutia katika lingine. Unaipa barua ya ofisini, inakutolea ukurasa wa tovuti. Unaipa ukurasa wa tovuti, inakutolea kitabu cha kusomea kwenye simu. Inauvunja waraka kwanza, ikajua hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha, kisha inaujenga upya. Hakuna mwenye mali. Tuko watu waliotawanyika duniani, tunaandikiana, tunakosoana, na wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Kwa hiyo mtu anaweza kufikiri kwamba faili la baba yangu mzazi lisingenishinda.

Mambo yalianza siku tuliyokwenda Malindi kwa daktari wa macho. Baba alikuwa ameanza kumwaga chai nje ya kikombe na kukilaumu kikombe. Daktari alimpima, akatuambia ni presha ya macho, na kwamba imekuwa ikimtafuna polepole kwa miaka bila kumuuma. Kilichokwenda hakirudi, alisema. Matone ni ya kulinda kilichobaki, na hata hicho hakutuwekea ahadi. Baba alimshukuru kama mtu aliyepokea barua ya uhamisho, akakunja karatasi zake vizuri, tukapanda gari kurudi nyumbani. Tulikuwa tumekaribia Minjila alipofungua mdomo.

"Mama," akasema, "nataka kukisoma kitabu changu."

Kitabu chake nilikijua. Alianza kukiandika alipostaafu, kwenye kompyuta yangu kuukuu, na ni habari za maisha yake ya ukarani. Kuna Chewele, alikofika na mashine ya taipu kichwani kwa sababu gari lilikwama kwenye tope. Kuna Ndera, ambako mafuriko yaliingia ofisini naye akaokoa kwanza karatasi za kaboni, ndipo akakumbuka viatu vyake. Kuna shamba letu la Kilelengwani, mpunga na ndizi na vita vyake visivyokwisha na nguruwe pori. Yote hayo aliyaandika bila kurudi nyuma hata mara moja. Karani hakagui barua ikiwa nusu, ndivyo anavyosema, husubiri ikamilike. Na ilikuwa imekamilika majuzi tu, kurasa za mwisho akizipiga na pua karibu iguse kioo.

"Nitakusomea mimi," nikamwambia.

"Maisha yangu yote nimepiga taipu maneno ya watu wengine," akasema. "Haya yangu nitayasoma mwenyewe, kwa macho yangu, kabla hayajafunga ofisi."

Aliniambia huku akitazama nje, vichaka vya mathenge vikipita, na sijui alikuwa anaviona vipi. Mimi niliogopa. Sikuogopa upofu wake, maana hilo bado sikuwa nimelielewa sawasawa. Niliogopa kwamba ameniomba kitu kimoja tu, na kitu chenyewe ni kazi yangu, na nikichelewa sitakuwa na wa kumlaumu.

Tatizo lilikuwa hivi. Faili lake ukilifungua kwenye tableti na kukuza herufi, mstari unatoka nje ya kioo. Inabidi uusukume ukurasa kushoto, usome, uusukume kulia, usome, na mtu ambaye macho yamebaki kama tundu la ufunguo hupotea njiani. Kitabu cha kielektroniki hakina shida hiyo. Humo unakuza herufi unavyotaka, na maneno yanajipanga upya yaenee kwenye kioo. Kilichotakiwa ni kulitoa faili la Baba umbo lile na kulitia hili. Nikamwambia ni kazi ya dakika moja, na nilisema hivyo kwa madaha, mbele ya Shangazi.

Dakika moja kweli ilitosha kulibadilisha. Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, Baba alikaa kibarazani na tableti magotini, Shangazi akiwa pembeni na ungo wa mchele anauchagua mawe, na mimi nikisubiri kusifiwa.

"Nilipoamka," Baba akasoma kwa sauti, "niliwakuta ng'ombe wameingia. Nukta, nukta, nukta, mkwaju, thelathini na nane. Thelathini na nane. Shambani kwangu."

Shangazi akainua uso. "Thelathini na nane? Si ulituambia walikuwa wanne?"

"Walikuwa wanne," Baba akasema.

"Basi umeandika uongo kitabuni."

"Sikuandika mimi. Huyu mama ameniongezea mifugo ya watu."

Nililitazama faili, nikaelewa. Barua za serikali, zile za zamani, zilikuwa na adabu yake. Ukifika mwisho wa karatasi, chini kabisa pembeni, unapiga nukta tatu, mkwaju, yaani kile kistari kilicholala upande, na namba ya ukurasa unaofuata, ili bosi ajue barua bado inaendelea. Juu ya ukurasa mpya unaipiga tena namba hiyo katikati ya vistari viwili. Baba alifanya hivyo kwenye kompyuta, kwa mkono, kitabu kizima. Laibrari yetu haikufunzwa adabu hiyo. Iliziona namba ni maneno kama maneno mengine, ikazisokomeza katikati ya sentensi. Ng'ombe wakawa thelathini na nane, mtoto wa chifu akaoa wake sitini na mmoja, na mimi mwenyewe nikazaliwa mara sabini na mbili.

"Na mwenye ng'ombe wale yu hai," Baba akaendelea. "Tunakunywa naye chai pale stendi. Akisikia nimesema ana ng'ombe wote hao ataniletea maziwa mwaka mzima. Fikiria aibu hiyo."

Na hizo ni namba tu, sijazitaja enta. Kila mstari alioukata yeye kwa kidole chake, kitabu kilidhani ni aya mpya. Ukikuza herufi, mstari wake unajaa, unashuka, unaacha neno moja peke yake, halafu unaanza mwingine. Alikuwa anasoma neno, anavuka jangwa, anasoma neno. Hakulalamika. Aliniambia tu kuwa kama ningekuwa mpiga taipu wa chini yake angenipeleka masijala nikapange mafaili mpaka nistaafu.

Nikavua madaha, nikafanya kazi. Niliandika kipande kipya cha msimbo cha kusafisha nyaraka za makarani. Mstari usioishia kwa nukta uungane na unaofuata. Namba zenye vistari zitolewe. Nafasi zilizorundikwa ziwe moja. Mistari mitupu iondoke, kwa sababu Baba alikuwa anaweka miwili na mitatu kati ya kila aya, kwa mazoea ya kuipa barua hewa. Hilo la mwisho hata sikuliandika mimi, laibrari ina tabia hiyo tangu zamani. Ikikuta mstari usio na kitu inauona ni uchafu. Nilipomaliza nililinganisha maneno ya faili la kale na la kitabu kipya, neno kwa neno, nikiziacha kando namba za kurasa. Yote yalikuwepo. Nilijipongeza kwa soda baridi, jua la Garsen likiwa limekaa juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga.

Basi Baba akaanza kusoma kwa kweli. Kila alasiri, kiti kilekile. Alikuwa msomaji wa kuudhi. Alicheka vichekesho vyake kabla hajavifikia. Kila baada ya muda alitikisa kichwa akasema, "Karani huyu alikuwa mkali," akimaanisha yeye. Alipofika mahali alipomsifu bosi wake wa Hola akakunja uso, akasema, "Hapa nilikuwa natafuta kupandishwa cheo, na nikiandika haya nilikuwa nimeshastaafu, sasa sijui nilikuwa natafuta nini." Shangazi alimwambia ni ugonjwa, makarani wote wanao.

Lakini herufi zilikuwa zinapanda. Mwanzo kioo kilibeba aya nzima. Kisha nusu aya. Kisha mistari michache mifupi. Alinipa tu tableti, mimi nikaongeza ukubwa, nikamrudishia. Nilichukia kufanya hivyo. Kila nikiongeza nilijua anapoteza, na uso wangu niliuweka wa kawaida, na yeye aliuweka wake wa kawaida, tukawa waongo wawili wenye adabu.

Siku moja akasimama katikati. Akapitisha kidole kurudi nyuma, akasoma kimya, akapitisha mbele, akarudi tena.

"Mama, hapa pameliwa."

"Hapajaliwa kitu, Baba. Nilikagua. Maneno yote yapo."

"Sikusema maneno."

Akanisomea. Alisoma polepole, maana kioo kilikuwa kinabeba maneno machache tu kwa wakati mmoja. "Mke wangu alifariki Ijumaa asubuhi, tukamzika siku hiyohiyo baada ya swala. Mvua za mwaka ule ziliwahi, na mpunga ukashika vizuri sana."

Shangazi akaacha kuchagua mchele.

"Unasikia ulivyonifanya?" Baba akasema. "Mke wangu hajafukiwa vizuri, mimi nishaanza kufurahia mpunga. Watu watasema nini? Watasema huyu alikuwa anangoja."

Alisema kwa mzaha, kama kawaida yake, lakini kidole alikirudisha tena kwenye ile nukta. Nikaingia ndani, nikalifungua faili la kale kwenye kompyuta, nikashuka mpaka pale. Sentensi ya mazishi ya mama yangu ilikuwepo, na nukta yake. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Nikashuka, hapana kitu. Chini kabisa ya ukurasa ule mtupu, pembeni, palikuwa na nukta tatu, mkwaju na namba. Juu ya ukurasa uliofuata namba ileile katikati ya vistari, kisha utupu hadi chini, kisha nukta tatu na namba nyingine. Kurasa nyingi. Kila moja ilikuwa tupu, na kila moja alikuwa ameipa namba yake kwa mkono kama karani anavyotakiwa.

Mashine yangu ilikuwa imeitoa mistari kwa sababu ni mitupu, na kuzitoa namba kwa sababu niliiambia izitoe. Haikuacha hata alama. Wala haikuniambia, maana kwa hesabu yake hakuna kilichopotea.

Nikarudi kibarazani. Nikamuuliza, na niliuliza kwa upole ila bado nilikuwa na ule ujuaji wangu, "Baba, kama ulitaka kurasa tupu, si kuna kitufe cha kuruka ukurasa? Nilikuonyesha mwenyewe."

"Kitufe hicho nakijua."

"Sasa?"

"Ningekibonyeza ningemaliza upesi." Akaipapasa tableti ukingoni. "Nilikuwa nakuja alasiri nakaa mbele ya mashine. Sina la kuandika. Nabonyeza enta. Nabonyeza mpaka ukurasa unakwisha, nauwekea namba, nafunga. Kesho yake nakuja tena. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, mama. Kuna siku nilidhani sitaandika neno tena."

Nililia. Sikuona sababu ya kujificha, kwa vyovyote hakuwa akiona vizuri. Niliyakumbuka majira yale, nikiwa nimekuja likizo, nikisikia kidole chake kikigonga kule chumbani nikawa nacheka moyoni kwamba mzee ameanza na enta zake. Nilidhani anaandika. Hakuna siku niliyoingia kumuuliza anaandika nini.

"Usilie juu ya tableti," Baba akasema. "Itaingia maji, kisha useme nimeiharibu mimi."

Nikamwahidi nitazirudisha kurasa zake. Rahisi kusema. Ukiiambia laibrari ihifadhi mistari mitupu, inahifadhi yote, na kitabu cha Baba kilikuwa na mitupu kila kona. Mashine haina njia ya kujua utupu upi ni wa mazoea na upi ni wa msiba. Ilibidi nimuulize mwenyewe. Tukakaa, mimi na kompyuta, yeye na macho yake yamefumba kwa sababu kuyafumbua kulikuwa hakumsaidii tena sana, nami nikimsomea maneno yaliyo juu na chini ya kila pengo.

"Hapa, baada ya mafuriko ya Ndera?"

"Mazoea. Toa."

"Hapa, baada ya kuhamishwa?"

"Hapo stima ilipotea. Toa."

"Hapa?"

"Hapo shangazi yako aliniita nile kambare. Acha kidogo, alikuwa mtamu."

"Na hapa, baada ya mimi kwenda chuo? Pana nafasi kubwa."

Akafikiri. "Hapo nilikuwa nimekukasirikia. Ulikaa muhula mzima hukupiga simu."

"Nitoe?"

"Hapana. Iache, ili ujue."

Shangazi akadai kwamba hakuna pengo hata moja la kwake, na amemlea mtu huyu tangu anatambaa. Baba akamwambia kuwa yeye hajawahi kumpa mtu nafasi ya kunyamaza, hilo pengo angeliweka wapi. Wakabishana mpaka adhana. Mimi niliendelea kuweka alama, na nilikuwa na furaha na huzuni kwa pamoja, sijui niliwezaje kuzibeba zote.

Kipande cha msimbo cha kuhifadhi mapengo yenye alama nikakituma pia kwa wenzangu wa laibrari, ili na watu wengine wapate njia ya kuhifadhi utupu wao wakitaka. Kuna bwana mmoja kule mbali anayekagua kila kitu kabla hakijapokelewa, mkali kama afisa wa forodha. Akaniandikia kwamba mistari mitupu haina maana yoyote katika waraka, ni dalili ya watu wasiojua kutumia mashine. Akauliza, ni nani hasa anayehitaji jambo hili? Nilimwandikia jibu la kwanza kwa Kiswahili, refu, lenye mambo kuhusu malezi yake, nikalifuta. La pili nikaandika kwamba anayelihitaji yuko Garsen, anajua kutumia mashine kuliko sisi sote wawili, na mke aliyemzika ni mama yangu. Akaomba mfano. Nikamtumia zile kurasa. Siku kadhaa baadaye akakipokea bila kubadilisha hata herufi, akaandika chini yake pole. Nikamsamehe hapo hapo, pamoja na wazazi wake.

Lakini yote hayo yalichukua muda, na muda ndio ambao Baba hakuwa nao. Kitabu kilipokuwa tayari, kioo kilikuwa kinabeba neno moja. Neno moja kubwa, jeusi, limejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Nilimfungulia pale alipoachia. Akainamisha kichwa pembeni, kwa sababu kulikuwa na sehemu moja tu ya jicho la kushoto iliyokuwa bado inafanya kazi, akalitafuta neno kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Mke," akasoma. Akapitisha kidole. "Wangu."

Akapitisha tena.

"Alifariki."

Alifika mpaka kwenye nukta. Ilimchukua muda mrefu, na mara mbili nilifungua mdomo nimsaidie nikaufunga, maana alishaniambia atasoma mwenyewe. Aliposema "swala" akashusha pumzi, akapitisha kidole, na kioo kikawa cheupe. Akapitisha tena. Cheupe. Sasa hapa kuna jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria. Katika kitabu cha namna hii, ukikuza herufi unakuza na mistari mitupu pia, kwa hiyo zile kurasa zake hazikuwa nyingi kama alivyoziandika. Zilikuwa nyingi zaidi, mara nyingi zaidi. Alipitisha kidole, akapitisha, bila haraka, uso wake ukiwa umelegea kabisa, wala hakuinamisha kichwa tena kutafuta. Shangazi aliinuka na ungo wake, akaingia ndani, akatuacha.

Siku hiyo hakumaliza. Wala siku ya pili. Na kabla hajaufikia upande wa pili wa utupu ule, jicho la kushoto nalo likafunga. Ilitokea hivyo tu, asubuhi moja aliniuliza kwa nini hatujafungua madirisha, na madirisha yalikuwa wazi. Nilimshika mkono. Tukakaa vile mpaka chai ikapoa, hakuna aliyefanya mzaha.

Bado anakaa kibarazani baada ya alasiri. Huniomba tableti, namwekea magotini, na kidole chake kinapita juu ya kioo cheupe, taratibu. Jana nilikaa karibu naye nikamwambia kuwa zimebaki sura chache tu: mvua zile, mpunga, shamba la Kilelengwani, nguruwe pori. Nikamwomba aniruhusu nimsomee. Aligeuza uso upande wa sauti yangu, kidole hakikusimama.

"Utanisomea, mama, nikifika huko," akasema. "Huku bado nasoma mwenyewe."